Chembe Kilichopasua Mgomba

Nina miaka thelathini na minane. Niliondoka Butembo na begi moja, nikarudi kutoka Afrika Kusini na diploma ya ufundi wa mitambo, pikipiki yangu na pesa za kujenga nyumba ya matofali. Sikusaidiwa na mtu! Wasomaji wenzangu, nawaambia haya ili mjue kwamba sikuwa mjinga... Ndiyo maana yaliyonipata yananiuma hadi leo.

Nilirudi pia na arbaleti, ule upinde wenye kitako kama cha bunduki. Huko ugenini niliwinda nao miaka mingi. Vyembe vyake, vile vichwa vya chuma vinavyokata mbele ya mshale, vilikuwa imara, lakini vilikwisha kupotea. Nikaagiza vingine vya bei rahisi kutoka ng'ambo, kupitia mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Vikaja vinang'aa kama vijiko vya arusi!

Nilivijaribu uani kwangu, kwenye mgomba. Mshale ulipenya, ukatokeza upande wa pili! Majirani wakapiga makofi. Mimi, fundi wa chuma, sikujiuliza: mgomba una mfupa gani?

Wakati huo nilikuwa mchumba wa Kavira, muuguzi wa Beni. Mbuzi wa mahari nilikwisha kuwatoa. Baba yake, Papa Mbusa, alilima mihogo upande wa Mutwanga, na nguruwe wa porini walikuwa wakiimaliza. Nikaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba nyama ya arusi nitaileta mimi.

“Ingénieur,” mzee akasema, akinitania kwa diploma yangu ya ufundi, “tutakula nyama ao tutakula tu maneno?”

Watu walicheka sana. Nilicheka nao, lakini moyoni niliungua...

Alfajiri moja, nikiwa nimejificha kando ya mihogo yake, dume kubwa la nguruwe likatoka kwenye matete. Nikafyatua. Nikasikia kishindo kikavu, kama jiwe limegongwa. Nguruwe akalia, akarudi mbio kwenye matete.

Niliufahamu mlio ule! Chuma kimegonga mfupa, na chuma kimeshindwa. Kanuni naijua pia: ukimjeruhi mnyama, unaonya watu, unasubiri, kisha unamfuata mwenyewe. Lakini ningerudi vipi kwa watu wale na kusema nimeshindwa?

“Mukwe, umeipata?” Papa Mbusa aliniuliza nilipofika uani kwake.

“Papa, ile imeisha kufa. Mutayarishe tu chungu!”

“Bon! Leo maneno hapana, leo nyama!”

Nikaomba chai. Nilijidanganya kwamba nikimaliza kikombe, nguruwe atakuwa amevuja damu yote. Nikiwa nawaeleza wanawake jinsi nilivyolenga, mzee alichukua panga na kamba, akateremka peke yake kwenye matete. Tulimsikia akipiga mluzi... Kisha tukasikia ukelele.

Meno ya nguruwe yalikuwa yamepasua paja lake hadi kwenye mshipa mkubwa. Tulilifunga kwa kitenge, tukampakia kwenye pikipiki, kati yangu na mdogo wake. Barabara ya Beni sikuiona. Nilihisi tu damu ikinilowesha mgongo... Alikata roho kabla hatujafika.

Kavira alikuwa zamu hospitalini. Ndiye aliyefungua kile kitenge!

Aliniuliza jambo moja tu: “Kambale, weye ulimuambia papa ile nyama imekufa?”

Nikainama kuokota kile kitenge.

Baada ya kilio, mbuzi wangu walirudishwa Butembo. Yule mdogo wa marehemu aliwafunga langoni, akanipa kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na chembe changu, walichokitoa begani mwa nguruwe walipomuua. Kimejikunja kama sikio la mbwa. Hakikuwa kimeingia zaidi ya upana wa kidole.

“Hii njo yako,” alisema, yaani hiyo ndiyo mali yangu. Nilimkaribisha maji, akakataa.

Wawindaji wenzangu, vyembe rahisi vijaribuni kwenye mfupa, msidanganywe na mgomba! Na mkimjeruhi mnyama, semeni mapema: yuko hai, msishuke! Maneno hayo yangenipa aibu ya asubuhi moja tu. Sasa nina nyumba nzuri ya matofali, na chumba cha arusi hakina mtu. Mbuzi wanalia uani... Kuwachinja siwezi. Kuwauza siwezi.