Karatasi ya Nota

Kila siku baada ya shule, Emerensiana aligeuza usipa, dagaa wa ziwani, ambao mama yake aliwaanika mchangani, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, kisha akakimbia kanisani. Ile mara ya pili ilikuwa amri ya Mwalimu Walburga, ambaye hakutaka kinanda chake kinuke samaki.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu, kikongwe kuliko baba wengi pale kijijini. Panya waliwahi kutafuna viriba vyake vya kuvuta hewa, Mwalimu akaviziba kwa ngozi ya mbuzi. Kibao kimoja upande wa besi kilikuwa bubu, naye alikiruka kama mtu anayeruka dimbwi njiani.

Mwalimu Walburga alizaliwa milimani, kwenye kahawa. Masista ndio waliomfundisha kinanda akiwa binti wa miaka kumi na moja. Alipoolewa huku ziwani, hakukuta kinanda. Basi akachora vibao kwa mkaa juu ya ubao wa kukatia mboga, na kwa miaka sita akawa anavipiga bila sauti kila akimaliza kuosha vyombo. Mumewe aliwaambia watu kwamba ameoa mwanamke anayekuna mbao. Kinanda kilipokuja, vidole vyake havikuwa vimesahau kitu.

Emerensiana, aliyekuwa darasa la sita, alijaliwa sikio la ajabu. Mwalimu akipiga wimbo mara moja, yeye anaurudia, macho yakiwa yamekazwa kwenye karatasi ya nota. Lakini hata ungeigeuza karatasi ile juu chini, isingemsumbua. Zile d, r, m pamoja na vistari vyake hakuzijua hata moja. Mwanzoni aliona haya kusema, na baada ya miaka miwili haya ilikuwa imekua kuliko yeye mwenyewe.

Mwaka ule wa tisini na tano kigango kilitimiza miaka hamsini. Wimbo mpya wa jubilei uliletwa kutoka Mbinga, ukiwa umechapwa kwenye karatasi. Mwalimu aliisogeza karatasi karibu na pua, kisha akaishusha.

"Mtoto wa jicho amenifunika macho yote mawili, mwanangu," alisema. "Nyimbo za zamani zimo vidoleni, lakini huu sijawahi kuusikia. Niimbie kama ulivyoandikwa, mimi nitaushika."

Hapo ndipo alipopaswa kusema kweli. Badala yake Emerensiana alikohoa, akaitazama karatasi kwa makini, akaimba maneno yake kwa sauti aliyoitunga papo hapo. Mwalimu aliusikiliza, akaupiga, akaurudia mpaka ukakaa.

"Wimbo mtamu," alisema. "Aliyeutunga ana moyo mchangamfu."

Emerensiana akatazama miguu yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa ya siku nne tu. Jumamosi kwaya ilikutana. Isidori, kiongozi wa kwaya, alikuwa na nakala yake na alikwisha kuwafundisha waimbaji sauti zote nne. Walipoanza, kinanda kilikwenda Lundo ziwani, waimbaji wakaelekea Kingerikiti milimani. Walijaribu mara tatu. Akina mama wa sauti ya kwanza walianza kutazamana.

"Mwalimu," alisema Isidori kwa upole, "umetutumikia vya kutosha. Kule Mbinga kuna kijana anaitwa Dunstan, amenunua kinanda cha betri, hata ngoma kinajipigia chenyewe. Labda siku ya jubilei tumwite yeye, wewe upumzike."

Mwalimu alifunika kinanda polepole. "Macho yaliniaga," alisema. "Kumbe na masikio nayo yako njiani." Akatoka akipapasa ukuta.

Yule mama alikuwa amesubiri kinanda miaka sita kwa ubao na mkaa, na sasa anaondolewa kwa sababu ya uongo wa mtu mwingine. Emerensiana akamfuata mbio, akamfikia kwenye njia ya mihogo.

"Mwalimu, masikio yako hayana shida. Mimi ndiye sijui kusoma nota. Sijawahi kujua. Ule wimbo niliutunga."

Mwalimu alimgeukia, na Emerensiana akatamani achapwe yaishe.

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima?"

"Ni mazima kabisa, Mwalimu."

Yule mama akaketi juu ya jiwe, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Nashukuru Mungu," alisema. "Nilikwisha kuanza kujililia." Kisha uso ukabadilika. "Haya, tuje kwako. Umeniaibisha mbele ya watu niliowafundisha kuimba kabla hawajaota meno. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kunifundisha."

"Mwalimu anafundisha wasiojua. Wanaojua nitawafundisha nini? Kesho baada ya misa utamweleza Isidori kwa mdomo wako mwenyewe."

Kesho yake Emerensiana aliyasema yote mbele ya kwaya nzima. Isidori alikuna kichwa, akamwomba Mwalimu radhi, akasema watajaribu tena Jumamosi ijayo. Ikishindikana, Dunstan ataitwa.

Wiki ile Emerensiana alitoka jasho. Aliandika nota mchangani kwa kijiti kando ya usipa, akazihesabia mapigo kwa makofi, na mama yake akalalamika kwamba kunguru wanakula huku mlinzi anaimba. Mchana alikwenda kwa Mwalimu kuelezwa kila alama na kusahihishwa makosa yake. Jumanne alisoma mstari mmoja. Alhamisi alisoma ukurasa, akikwama na kurudi nyuma, naye Mwalimu akaufuata kwa vidole. Kusoma kulikuwa kugumu kuliko kutunga, na kulimpa furaha ambayo kutunga hakukumpa.

Jumamosi kinanda na waimbaji walikutana njiani na kwenda pamoja mpaka mwisho. Isidori alikunja karatasi yake akatabasamu. Kinanda cha betri kilibaki Mbinga.

Siku ya jubilei Mwalimu Walburga alipiga wimbo wote kwa moyo, akikiruka kile kibao bubu kama kawaida yake, na Emerensiana akiwa ameketi kando yake. Watu walipotoka nje kwenda kula, Mwalimu alimzuia.

"Sikio ulilonalo umepewa na Mungu, hukulifanyia kazi," alimwambia. "Kusoma umekupata kwa jasho, hicho ndicho chako. Lakini yote mawili yasingekusaidia kama usingesema kweli. Anayejifanya anajua hufunga mlango mwenyewe, na mwalimu hubaki nje."

Kisha akatoa karatasi nyingine kwenye mkoba. "Huu ni wa Krismasi. Nisomee."

Emerensiana alisoma mstari wa kwanza, akasoma na wa pili. Kwenye wa tatu akakutana na alama asiyoijua. Zamani angekohoa. Akaweka kidole pale.

"Mwalimu, hapa sijui."

Mwalimu Walburga alicheka, akakifunua kinanda. "Vizuri," alisema. "Basi tuanzie hapo."