Minyoo Wanaoruka kwa Alphonsine

Kila asubuhi Alphonsine hukata lengalenga, yaani mchicha, nyuma ya nyumba yake, hapa Bunia. Siku moja alifukua udongo kidogo tu, akarudi nyuma. Mnyoo alijipinda na kuruka kama nyoka aliyepigwa. Akafukua tena. Walikuwa wengi.

Mnyoo wa udongo alimjua tangu utoto: mnene, mweusi, mpole. Huyu alikuwa mwingine.

Wiki ile alikuwa amegombana na jirani yake Hélène juu ya mpaka wa bustani. Hakufikiri. Alitoka barabarani, akatangaza kwamba Hélène amemtupia uchawi. Watu wakajaa. Vijana wakasema mchawi ahame leo. Hélène akajifungia ndani na watoto.

Eddy, mume wa Alphonsine, alikimbia kumwita Kahindo, mama agronome, mtaalamu wa kilimo. Kahindo aliweka minyoo wawili kwenye sahani. Yule wa kawaida alikuwa na ukanda mwekundu ulioinuka mgongoni. Ukanda wa mgeni ulikuwa mweupe, laini, umezunguka mwili wote.

“Hii si uchawi,” alisema. “Iko munyoo ya fasi ingine, mugeni hapa. Haiumi mutu. Yenyewe haifiki mbali, watu ndio wanaibeba. Mayai yake iko kidogo kama mutama, unabeba mu udongo bila kuona.”

Kisha akachimba mashimo, akianzia mpakani kwa Hélène. Pale, minyoo wawili. Katikati ya bustani, kumi na mmoja. Chini ya miche ya avoka, miparachichi michanga ya Alphonsine, alishindwa kuhesabu.

“Hii miche ilitoka wapi, mama?”

 Alphonsine alikuwa ameinunua mwenyewe huko Mahagi, ikiwa ndani ya mifuko ya udongo. Minyoo walikuwa wakitoka kwake kwenda kwa Hélène.

Akarudi barabarani.

“Ni miye nililetaka hii minyoo,” aliwaambia watu. “Mama Hélène hana kosa. Museme ni miye.”

Watu wakaanza kutawanyika. Mlango wa Hélène ukafunguka kidogo.

“Ungeniuliza kwanza,” alisema Hélène. “Watoto hawajakunywa maji tangu asubuhi.”

Alphonsine akaenda kuchota maji.

Sasa katika avenue ile, mtaani kwao, mche ukifika, mizizi huoshwa kwenye beseni. Udongo wa mfuko huanikwa juu ya bati siku kadhaa, mpaka ukauke kabisa na mayai yafe kwa joto. Minyoo wageni hawajavuka nyumba ya pili. Na Hélène bado anaishi pale.