Birki na Jiwe Lililoanguka

Inga aliishi katika kisiwa kidogo cha Uskoti. Huko upepo huvuma sana. Vuuu! Vuuu!

Karibu na pwani palikuwa na ukuta wa mawe. Ulikuwa ukuta wa nyumba ya kale sana. Majina ya walioijenga hayajulikani.

Kila Jumamosi, Mama na majirani waliukagua ukuta huo. Walijitolea tu. Walipima na kupiga picha.

Inga alikwenda nao. Birki naye alikwenda. Meee!

Birki alikuwa mwanakondoo asiye na mama. Inga ndiye aliyemlea, kwa maziwa ya chupa.

Bi Rona, kiongozi wa majirani, alimfundisha Inga kusoma alama za mchangani.
"Cha chini kilitangulia," alisema. "Cha juu kilifuata."

Jumamosi moja walikuta jiwe kubwa limeanguka. Mchanga ulikuwa umemwagika chini ya ukuta. Juu ya mchanga palikuwa na nyayo ndogo za kwato.

"Aha!" alisema jirani yao, Bwana Erlend. "Mbomoaji ameacha sahihi yake!"
"Meee," alisema Birki.
"Usinijibu, wewe!"

Mama hakucheka.
"Kama ni Birki, hawezi kukaa hapa," alisema. "Itabidi ahamie shamba la mbali."

Inga alimkumbatia Birki shingoni.
"Nani alimwona?" aliuliza.
"Hakuna," alisema Bwana Erlend. "Lakini nyayo ni zake."
"Nyayo zinasema alipita. Hazisemi aliangusha jiwe."

Inga alipiga magoti. Alitazama. Hakugusa kitu.

Mchanga ulijaa vishimo vidogo vya matone ya mvua. Nyayo za Birki zilikuwa juu ya vishimo hivyo.

"Bi Rona! Cha chini kilitangulia. Cha juu kilifuata!" alisema Inga. "Jiwe lilianguka, mchanga ukamwagika. Kisha mvua ikanyesha. Kisha Birki akapita!"

Bi Rona alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu.
"Ni kweli," alisema.

"Labda alikuja mara mbili," alisema Bwana Erlend. "Kabla ya mvua, na baada ya mvua."
"Labda," alisema Bi Rona. "Hatujui bado. Mchanga huu ulitoka wapi?"

Inga alitazama pale jiwe lilipokuwa kabla ya kuanguka. Chini yake palikuwa na shimo jeusi, la mviringo.

Fuku, fuku, fuku.

Mchanga uliruka kutoka shimoni. Ukamwangukia Bwana Erlend kwenye viatu.

Fuku, fuku, fuku.

Yalitokea masikio mawili marefu. Kisha pua. Kisha sungura mzima!

Sungura aliwatazama. Wao walimtazama sungura. Pyuu! Akakimbia.

"Alichimba chini ya jiwe," alisema Mama polepole. "Jiwe likakosa pa kukalia."

Bwana Erlend alivua kofia.
"Bwana Birki," alisema, "nilikusingizia. Naomba radhi."
"Meee."
"Sasa unaweza kunijibu."

Walipiga picha za shimo. Walipanga mifuko ya mchanga kando ya ukuta, usiporomoke zaidi. Bi Rona aliwapigia simu wataalamu wa mambo ya kale, waje kulirudisha jiwe.

Jioni Mama alimfunika Inga blanketi. Birki alikuwa amejikunja jikoni, karibu na jiko, akikoroma.

"Mama, Birki atakaa hapa kesho?"
"Atakaa."
"Na kesho kutwa?"
"Na kesho kutwa. Lala, mwanangu."

Inga akalala.