Vipimo kwa Sauti ya Mama

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia chumba cha kushonea cha baba yake. Walimwita hivyo kwa sababu ya domo lake lisilochoka. Siku moja baba alibonyeza kompyuta kuukuu iliyokuwa kando ya cherehani, na sauti ya mama ikasikika: "Mwalimu mrefu. Kiuno thelathini na nne. Kanenepa, ila usimwambie."

Baba akacheka, akaendelea kukata kitambaa. Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita. Enzi za uhai wake yeye ndiye aliyepima wateja, na kwa kuwa mikono yake ilishika utepe, vipimo alivisema badala ya kuviandika. Kaka yake Chiriku alitengeneza programu ya kuhifadhi sauti hizo. Haikuhitaji intaneti, lakini ilifanya kazi ndani ya kivinjari, kile kile cha kufungulia tovuti.

Baba alipotoka kwenda kununua uzi, alimwachia Chiriku kompyuta afanye kazi ya shule. Chiriku akatazama filamu kwenye kivinjari hicho. Aliposikia hatua za baba mlangoni, alikurupuka kuficha alichokuwa akitazama. Akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, akachagua kufuta kila kitu.

Kesho yake baba alibonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Hakuna sauti hata moja. Akamwita kaka yake Chiriku.

"Programu gani hii? Nilikuamini nikakukabidhi sauti ya mama yako!"

"Nisamehe, baba. Labda nilikosea mahali," kaka alijibu.

Chiriku, msemaji wa nyumba, alikumbuka alivyofuta kila kitu, akajifanya anasoma. Jioni kaka hakugusa chakula. Chiriku alimkuta amejiinamia ukutani, analia kwa kwikwi. "Ni kama nimemzika mama mara ya pili," alisema. Chiriku hakuweza kuvumilia. Alimkimbilia baba, akamweleza yote.

Baba alijifunika uso kwa kipande cha kitambaa, akalia. Kaka akawafuata, wote watatu wakalia.

"Sauti zilikaa ndani ya kivinjari," kaka alieleza baadaye. "Kikisafishwa, nazo zinafutika. Nami nilipaswa kuweka nakala pembeni."

Akatengeneza programu nyingine, inayojitegemea kwenye kompyuta bila kupitia kivinjari. Kila sauti mpya ingehifadhiwa katika faili lake, na nakala ingewekwa kwenye flashi. Wateja wakaitwa kupimwa upya.

Kabla ya kumpima wa kwanza, baba alimwomba kaka msamaha mbele ya Chiriku. Kisha akamgeukia binti yake.

"Sauti ya mama yenu haitarudi, mwanangu, na hilo litaniuma siku zote. Lakini ungenyamaza, ningeendelea kumlaumu kaka yako kwa kosa lisilo lake, naye angeamini kuwa ni lake. Ukikosea, sema mapema, hata kama utaniliza."

"Nimekuelewa, baba."

Baba akamkabidhi utepe. "Haya, pima. Na useme kwa sauti."