Balbu Iliyokataa Kuzeeka

Mita ilirudi nyuma. Jumatatu ilionyesha kuwa balbu ya projekta imewaka saa elfu moja mia tisa na kumi; Jumanne, elfu moja mia tisa na tano. Urpo, mwonyesha filamu wa sinema pekee katika mji wao mkoani Kainuu, Ufini, alikuwa amechoka mno hata asiweze kushangaa. Alishukuru tu. Halmashauri ilikwisha sema kwamba balbu hii ikifa, sinema inafungwa.

Ndiyo maana hakuizima kati ya onyesho la mchana na la jioni. Kuwasha huila balbu zaidi kuliko kuwaka kwenyewe. Kila fundi wa kazi hiyo anajua. Basi ilimulika skrini tupu, saa tatu nzima, kila siku.

"Unammulikia nani?" aliuliza Hilkka, mkata tiketi.

"Simmulikii mtu."

"Mbona kiti cha katikati kimekunjuka kama kimekaliwa?"

"Springi imechoka. Kama mimi."

Alhamisi chumba cha projekta kilinuka nywele zilizoungua, na Urpo, akijipangusa jasho, aliona nywele zake zimebaki kiganjani, na kupitia kidirisha akaona kile kiti kikiinuka polepole, kisha cha nyuma yake kikishuka, kisha cha nyuma zaidi, safu baada ya safu, kama mtu asiyeonekana akimjia aliko, na mita pembeni yake ikizidi kurudi.

Hilkka alimpeleka kwa shangazi yake, Aune, apigaye watu chuku ndani ya sauna, chumba cha mvuke wa mawe ya moto. Aune alimbandika pembe mgongoni, akachanja, akangoja. Pembe zilitoka kavu, bila tone la damu.

"Kuna mwenzangu ameshanyonya," alinong'ona. "Mwanga usio na picha ni karamu, baba. Jini limekuja kukaa. Saa linazoirudishia balbu linazitoa kwako."

"Lakini balbu inadumu," alisema Urpo.

"Wewe hutadumu. Izime, tulitoe."

"Jini likitoka haitawaka tena, kwa kweli imekwisha zeeka. Watu wataenda wapi majira haya yote ya baridi na giza?"

"Watakaa kwao wanune, kama zamani," alisema Hilkka. "Mzee, nakuomba."

Urpo alivaa shati. Kisha akavaa viatu. "Kesho mchana," alisema.

Mchana uliofuata, ukumbi ukiwa mtupu, Aune alinyunyiza maji ya chumvi kwenye kila safu, akaamuru kwa sauti ya chini, "Toka, umeshatazama vya kutosha." Urpo akashusha swichi kuu. Balbu ikapasuka kwa mlio mdogo. Viti vyote vikajikunja kwa pamoja, kisha giza, kisha kimya.

"Limetoka?" Hilkka alinong'ona.

"Humu ukumbini, limetoka," alisema Aune.

Urpo akafumbua kinywa ili ashukuru; mwanga ukamtoka kinywani, na skrini nzima ikang'aa nyeupe.

Akakifumba. Giza. Akakifumbua tena, kidogo tu.

"Hilkka," alisema kwa uchovu, na mwanga ukatetemeka kwa kila neno, "wauzie watu tiketi za Jumamosi."