Waliokuja Kuomba Maji

Mtaa wa maduka wa Mlandege, mkesha wa sikukuu, hapakanyagiki. Kheir, fundi wa mashine za boti kutoka Mkokotoni, kaskazini mbali na mji, alijipenyeza katika duka la vitambaa alimouza Tahiya, akaomba mapazia ya zambarau.

"Mkeo anapenda zambarau?" Tahiya alimchokoza, mtandio wake wa waridi ukimteleza begani.

"Sina mke. Ya mama."

"Nyote husema ya mama!"

Wakacheka, wakapeana namba. Tangu hapo simu hazikulala.

Lakini shaka ile ya mke haikumtoka Tahiya, na Kheir mwenyewe aliichochea. Kila akiulizwa habari za kwao, yeye alipaponda tu.

"Nipeleke basi nikapaone, roho yangu."

"Ukaone nini? Umeme unakatika, maji ya chumvi, mgonjwa mkubwa mpaka aletwe mjini. Kaa kwenu Kikwajuni, mpenzi, mna kila kitu."

Kila kitu! Tahiya alikuwa akipandisha ndoo za maji hadi ghorofa ya nne tangu utotoni. Mtu gani asiyesifia kwao? Huyu ana mke, anamficha. Posa ilipoletwa, aliomba muda wa kujibu. Wiki hiyohiyo jirani akamwambia kwamba Kheir ameonekana Kikwajuni akiulizia chumba cha kupanga. Moyo ukampasuka. Chumba cha nani?

Kwa desturi, upande wa mwanamke humchunguza mposaji kwao. Kazi hiyo ni ya shangazi, Bi Mwanakheri, na mposwa hukaa nyumbani akangoja. Tahiya hakukaa. Alivaa nikabu, akafuatana na shangazi yake hadi Mkokotoni, eti wamekuja kununua dagaa. Kwenye nyumba waliyoelekezwa wakapiga hodi, wakaomba maji ya kunywa.

Mama mtu mzima aliwakaribisha. Mapazia ya zambarau yalipepea madirishani. Mfereji wa uani ulipofunguliwa ulitoka kwa nguvu, na maji yake yalikuwa matamu. Tahiya alitupa jicho kila pembe, hakuona hata kiatu cha mwanamke mwengine.

"Shikamoo, mama," alisema, jasho likimtoka.

"Marahaba. Kunyweni, kisha mpite mkaangalie na jikoni. Waliokuja kumchunguza mwanangu mara ya mwanzo nao waliomba maji." Mama akamkazia macho. "Mwenyewe ndiye wewe? Basi mchukue. Keshapata chumba huko kwenu, mie nabaki peke yangu."

Tahiya alipiga simu palepale uani.

"Umenidanganya, Kheir! Kwenu kuzuri."

"Uko wapi?"

"Kwa mama'ko."

Kheir akaungama. "Mchumba wa kwanza nilimsifia kwetu. Akaja, umeme ukakatika siku hiyohiyo, akavunja uchumba. Nikaapa sipasifii tena. Lakini umeme kweli unakatika, Tahiya. Hilo si uongo."

"Najua. Na duka langu liko Mlandege, ntaamka alfajiri kila siku." Machozi yalilowesha nikabu. Alimpenda, na alikuwa amemdhania mabaya kwa miezi mizima. "Posa nimeikubali. Chumba kirudishe, tutakaa huku."

"Umepapenda kweli, au umemuonea huruma mama?"

Tahiya aligeuka. Mama alikuwa akiosha kikombe kilekile kwa mara ya tatu, sikio kalitega.

"Yote mawili," alijibu. "Na ukinificha tena jambo, mama nnahama naye, wewe ubaki na nyumba."

Kikombe kiliwekwa chini. "Mwambie nimekubali," mama alisema.