Chungu Kilichopungua Bandani

Daktari alikuwa amelala chali kati ya meza mbili za saruji, macho wazi, koti jeupe limelowa damu mabegani. Miche ya muhogo ilimzunguka pande zote kwenye vyungu vyake, imenawiri, majani yanang'aa kwa jua lililopenya kwenye neti ya banda.

"Mungu wangu," Inspekta alinong'ona, naye si mwanamke wa kunong'ona. Miaka kumi na tisa ameokota maiti mitaroni na magesti, lakini hii ilimkata maini. Marehemu hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa mihogo. Maisha yake yote alivisaka virusi vinavyoozesha muhogo chini kwa chini, mkulima akija kuchimba anakuta mzizi una michirizi ya kahawia ambao hata ng'ombe anausukuma kwa pua. Sasa nani amuue mtu kama huyo, jamani? Kwa kosa gani?

"We! Simama hapo hapo!"

Sajini, aliyekuwa ndiyo kwanza anasukuma mlango wa nje wa banda, aliganda. Msichana wa maabara alikuwa anamkimbilia, machozi yanamtiririka chini ya miwani minene. Kwa miwani hiyo wenzake walimbandika jina la Darubini.

"Hiyo fulana ya njano haiingii humu! Nzi weupe wanafuata njano. Wakiingia nawe, wanabeba ugonjwa mche hadi mche!"

"Dada, mimi ni askari, nipo kazini."

"Hata uwe mkuu wa majeshi. Vua!"

Sajini alimtazama bosi wake akitegemea kuokolewa. Inspekta akamwonyesha msumari ukutani, na fulana ikatundikwa.

Mpigapicha wa polisi alipomaliza kazi yake, Inspekta alichuchumaa. Jeraha moja tu, kisogoni. Kona ya meza ilikuwa na damu na nywele.

"Amesukumwa, akajigonga," alisema.

"Akafa papo hapo?" Sajini aliuliza.

"Angalia sakafu."

Alama za vidole vya damu zilikwenda kiasi cha hatua mbili kuelekea mlangoni, kisha zikakoma. Daktari alikuwa amejivuta akitafuta msaada, kisha akageuka chali. Sajini aligeuza uso, akajikohoza.

Mkurugenzi wa kituo aliingia akihema, suti nyeusi, tai imebana shingo. "Ni vibaka tu hao, Inspekta. Nawaomba mumtoe mapema. Malori yanaanza kupakia."

"Malori gani?"

"Ya miche hii! Saa nane mchana inaondoka kwenda kwa vikundi vya wakulima. Ndiyo miche safi pekee tuliyo nayo, haina kirusi hata kimoja. Watakata pingili, watagawana, msimu ujao imejaa nchi nzima. Mgeni rasmi yuko njiani, viti vimeshapangwa."

"Mfanyakazi wako yuko sakafuni, wewe unaniambia viti?"

Mkurugenzi akanywea.

"Na hao vibaka wako," Inspekta aliendelea, "ni wa ajabu sana. Banda lina milango miwili. Darubini, mnatokaje humu?"

"Unafungua wa ndani, unaufunga kwanza, ndipo unafungua wa nje. Unatundika koti, unachovya buti kwenye beseni la dawa."

"Ulipofika saa moja asubuhi ulikuta nini?"

"Milango yote imefungwa. Koti moja limetundikwa. Na nje kuna nyayo nyeupe za dawa iliyokauka."

"Umesikia, Mkurugenzi? Kibaka ameua mtu, halafu amesimama anachovya buti. Huyu ni wa humu humu kwenu."

Watu wenye ufunguo wa banda walikuwa wanne. Mmoja amekufa. Mkurugenzi ufunguo wake ulikuwa kwenye droo, una kutu, na dereva wake alithibitisha kwamba hadi saa moja walikuwa wote barabarani. Darubini alitoka kwenye hosteli ya wafanyakazi na wenzake watatu. Alibaki msimamizi wa banda, aliyeitwa Mzee Neti, na huyo alikuwa amekaa kwenye ngazi za maabara analia hadi kwikwi.

"Huyo muacheni," Mkurugenzi alisema. "Ni baba yake mdogo. Daktari alipoachwa yatima, yeye na mkewe ndio waliomlea. Hata hii kazi ya virusi alimfuata yeye."

Moyo wa Inspekta ulitaka kumuacha kweli. Lakini mkono wa maiti ulikuwa umefumba ngumi, na alipoufumbua alikuta kipande cha jani. Alikiweka kwenye bahasha ya vidhibiti, akamwonyesha Darubini. Msichana akakikodolea macho.

"Hili si letu, afande. Miche yetu ina majani mapana. Hili ni jembamba, na kikonyo chake chekundu."

"Limefikaje humu?"

"Haliwezi kufika! Humu hauingii mche wa nje. Hata punje ya udongo haiingii."

"Hesabu vyungu."

Alihesabu mara mbili. Daftari la banda lilisema mia sita. Vilikuwa mia tano tisini na tisa. Na hakukuwa na pengo hata moja mezani. Mtu alikuwa ameviburuta vyungu vikakaribiana, pakaonekana pamejaa.

"Lipime hilo jani," Inspekta aliagiza. "Na miche ya jirani. Inachukua muda gani?"

"Saa nne, nikikimbia."

"Kimbia."

Kabla ya kutoka, Inspekta alichomeka kidole kwenye udongo wa chungu kimoja. Maji. Akajaribu cha mwisho kabisa, kule ng'ambo ya maiti. Maji vilevile, na alama ya mpira wa maji ilikuwa imepita juu ya damu sakafuni. Alikitazama kidole chake muda mrefu, asiamini anachokiwaza.

* * *

Ofisi ya ghala ilikuwa na meza moja, viti vitatu na harufu ya mbolea. Mzee Neti alikaa wima, mikono magotini.

"Pole sana, mzee wangu."

"Sijapoa, mama. Sijui kama nitapoa."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana jioni. Alinisalimia, akaniambia nikanywe dawa zangu za presha."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Hapo nyuma, nyumba za wafanyakazi."

"Bandani hukuingia?"

"Sikuingia."

"Nani anamwagilia miche?"

"Mimi. Miaka ishirini na mbili, kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Mpira wangu haushikwi na mtu mwingine. Vijana wa siku hizi wanamwaga maji wanavyotaka, wanaozesha tu."

"Leo je?"

"Leo bado."

Inspekta aliinama mbele. "Basi nani aliyemwagilia?"

Nje, wapakiaji walikuwa wanabishana wapi pa kuanzia.

"Udongo umelowa, mzee. Upande huu wa mwili wa mwanao, na upande ule. Aliyemwagilia alimruka."

Mlango uligongwa. Sajini aliingia amebeba chungu kwa mikono miwili: mche wa majani membamba, vikonyo vyekundu, jani moja limechanwa nusu.

"Nimeukuta bafuni kwake, umefunikwa kwa ndoo."

Nyuma yake Darubini alikuwa anapumua kwa nguvu, karatasi mkononi. "Afande, jani lile lina kirusi cha michirizi. Nimepima na miche ishirini ya jirani. Kumi na mmoja inaumwa."

"Saa ngapi sasa?"

"Saba na robo."

"Sajini, lori halitoki! Wakibisha, toa upepo wa magurudumu."

Sajini alitoka mbio. Inspekta alimgeukia mzee, na safari hii hakusema pole.

"Ulitaka kuyaacha malori yaende. Mche unaoumwa kwa kila kikundi, nchi nzima. Wewe, mtu wa miaka ishirini na mbili ndani ya kazi hii!"

"Sikujua kama unaumwa." Sauti ilikuwa ya chini mno. "Hadi leo asubuhi sikujua."

"Anza mwanzo."

"Huu ni muhogo wa mke wangu. Alikuja nao kutoka kwao siku namwoa. Mtamu, unaiva upesi, watu walikuwa wanakuja kuomba pingili. Alipofariki, ugonjwa ukaingia shambani. Kila nikichimba, uozo. Ikabaki shina moja. Majani yake mazuri, hayana doa. Nikalisafisha kwa dawa, nikalificha bandani katikati ya miche, nikasema humo litapona, mbali na macho ya watu. Chungu chake nikakibandika namba ya mche wetu uliokufa."

"Michirizi haionekani kila mara kwenye majani," Darubini alisema kwa hasira. "Wewe ndiye uliyenifundisha hilo! Wewe!"

"Ndiyo, mwanangu. Mimi."

"Leo asubuhi," Inspekta alisema.

"Nilikuwa nusu ya kumwagilia. Akaingia na majibu ya vipimo. Akasema, 'Baba, ni huu. Umeambukiza banda zima. Tunachoma vyote, leo, na malori hayaendi.' Nikamwambia choma vyote, niachie huu mmoja. Nilipiga magoti, mama. Mimi, mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni. Akaushika mche aung'oe, huku anasema, 'Baba subiri, subiri nikuambie.' Sikutaka kuambiwa kitu. Niliona mkono wake kwenye mche wa mke wangu, nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

"Alikuwa hai?"

Mzee alifunika uso. "Alikuwa anapumua."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikamalizia kumwagilia."

Darubini alipiga ukelele, akaziba mdomo kwa kiganja. Inspekta alikuwa ameshasikia watu wakikiri kuchoma nyumba za ndugu zao, lakini hili hakuwa amelisikia.

"Mikono ilikwenda yenyewe," mzee alisema. "Nilifika mwisho wa meza, nikakunja mpira, ndipo nikamtazama. Alikuwa amesogea, amenyamaza. Nikachukua chungu, nikatoka. Nikawaza malori yakienda, hakuna atakayejua ugonjwa ulianzia wapi."

Inspekta aliandika sentensi hiyo neno kwa neno, akamsogezea karatasi aweke sahihi. Aliweka, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyejaza daftari za banda miaka mingi.

Hapo Darubini aliingiza mkono mfukoni mwa koti. Alitoa chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, akaiweka mezani. Ndani, juu ya rojo angavu, ulisimama mche mdogo usiozidi kidole. Majani membamba, vikonyo vyekundu. Kwenye karatasi ya kubandika palikuwa na mwandiko wa Daktari: *Mama Mdogo.*

"Leo nimesoma daftari lake la maabara. Alishaujua mche wako miezi mitatu iliyopita," Darubini alisema, sasa hasira imemwisha, amebaki na kilio. "Hakuwa na hakika tu kama unaumwa. Akakata ncha yake, akaiweka kwenye joto kali wiki kadhaa kuua virusi, akaiotesha kwenye chupa. Ameandika kwamba hakuambii, kwa sababu mara nyingi inashindikana na hakutaka ulie mara mbili. Jana usiku majibu yote yalitoka pamoja. Leo nimerudia kuipima pamoja na lile jani. Huu wa kwenye chupa ni safi."

Mzee Neti hakuugusa. Aliutazama tu.

"Alisema subiri," alisema. "Mara mbili alisema."

Inspekta alikuwa na maswali mengine matatu kwenye daftari lake. Alilifunga. Sajini alirudi, akatoa pingu, akamfunga mzee taratibu akiangalia asimbane kifundo. Uani wapakiaji walikuwa wanashusha vyungu vya kwanza na kuvirundika karibu na shimo la kuchomea, na Mkurugenzi alikuwa peke yake anakunja viti.